Gemu 400 ndani ya kifaa kimoja: utofauti wa mchezo huhesabiwaje?

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, huuzwa kidude cha kuchezea gemu kinachoenea kiganjani, chenye kioo kidogo, msalaba wa kuelekezea upande wa kushoto na vitufe vinne upande wa kulia. Juu ya boksi lake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna gemu 400. Nilimnunulia mpwa wangu kimoja shule zilipofungwa, naye jioni ileile alikaa nacho mkekani barazani, akaanza kufungua gemu moja baada ya nyingine kwa kufuata namba. Alipopita gemu ya 60 hivi aliinua kichwa akasema, "Mjomba, hii tumeshaicheza." Tuliitazama pamoja. Jina lilikuwa jipya na gari lilikuwa la kijani badala ya jekundu, lakini barabara ilikuwa ileile, kona zilikuja kwa mpangilio uleule, na lori lilijitokeza palepale lilipojitokeza mwanzo. Tukachukua daftari lake la hesabu, tukachora mistari, tukaanza kuandika. Ilituchukua siku tatu kuimaliza orodha yote, na gemu zilizokuwa tofauti kwelikweli hazikufika 40. Zilizobaki zilikuwa zilezile zilizopewa jina jingine au rangi nyingine, na baadhi zilianzia tu hatua ya nne badala ya hatua ya kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini zaidi maneno yanayosemwa kwenye mabanda ya gemu. Vijana husema gemu za siku hizi zote ni moja. Wazazi husema mtoto anashinda kutwa akirudia kitu kilekile. Wengine hubishana hadi sauti zikapanda kama gemu ya mpira ya mwaka huu ni mpya au ni ya mwaka jana iliyobadilishiwa jezi. Wote wanatumia kauli moja, "ni ileile", lakini kila kundi linazungumzia jambo lake, na ndiyo maana mabishano hayo hayafiki mwisho. Kabla ya kuhukumu kwamba gemu fulani ni ileile, inafaa tukubaliane ni kitu gani ndani yake tunachokipima.

Gemu yoyote ina sura yake, yaani michoro, rangi, sauti, majina na hadithi. Chini ya sura kuna kanuni, yaani yale yanayoruhusiwa, yanayokatazwa na yanayotokea mchezaji akibonyeza hiki au kile. Kisha kuna uchezaji, ambao huzaliwa pale kanuni zinapokutana na mtu mwenye pedi mkononi anayelazimika kuamua. Tuchukue mfano wa watu wawili, mmoja amenunua kitenge chenye maua ya njano na mwenzake chenye maua ya buluu, wakavipeleka kwa fundi mmoja na wote wakaagiza mshono mmoja. Wanapotoka kwa fundi, vitambaa vyao ni tofauti lakini gauni ni moja. Gari la kijani na gari jekundu katika kifaa cha mpwa wangu yalikuwa vitambaa viwili vya mshono mmoja. Na kinyume chake kinawezekana pia, kwamba kitambaa kimoja kikatoa gauni, shati na mkoba, vitu ambavyo hakuna atakayevichanganya.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni hiki: kitu kipya kinapoingia kwenye gemu, je, kinamlazimisha mchezaji aamue tofauti na alivyoamua dakika moja iliyopita? Kama anaendelea kufanya alichokuwa akifanya, kilichoongezeka ni idadi tu, hata kama michoro imependezeshwa kiasi gani.

Ushahidi bora wa kipimo hiki haupo kwenye kioo cha televisheni. Uko Ujiji, chini ya miembe, kwa wazee wanaocheza bao. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, na tangu wazee hao wakiwa vijana hakuna shimo lililoongezwa wala kete iliyopakwa rangi mpya. Kila mchezaji huanza na kete 10 zilizopangwa ubaoni na 22 za mkononi, anaziingiza moja moja katika hatua ya namua, na zikishaisha mkononi mchezo unaingia hatua ya mtaji, ambapo kete zinazochezwa zote ni zile zilizo tayari ubaoni. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu inalala. Mtu anaweza kuelezwa kanuni hizi jioni moja akazielewa, lakini mzee aliyecheza miaka 40 bado anasita kabla ya kuamua kama aile nyumba ya mwenzake, yaani shimo lake kuu la kulimbikizia kete, sasa au aisubiri inone. Kila kete inayosogea inabadilisha hesabu ya mashimo yote yaliyobaki, kwa hiyo jibu lililokuwa sahihi zamu iliyopita linaweza kumpoteza zamu hii. Vitu ni vilevile na maamuzi hayafanani, na mtu anayedai kwamba mchezo wenye vitu vichache lazima uchoshe namwomba aende akakae nusu saa pale.

Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta mjini Moscow, alitengeneza gemu yenye tabia hiyohiyo ya bao. Ni Tetris, ambayo wengi wetu tuliijua kama gemu ya matofali yanayoanguka. Ina maumbo saba tu, kila moja limeundwa kwa vimraba vinne. Hakuna adui, hakuna hadithi, hakuna ramani. Utofauti wote unaletwa na mchezaji mwenyewe, kwa kuwa kila tofali analoliweka linabadilisha uso wa ukuta ambao tofali linalofuata litatua juu yake. Kosa la dakika ya kwanza analibeba hadi dakika ya tano.

Hapa kuna imani moja inayohitaji kurekebishwa, nayo ni kwamba kinachofanya michezo isifanane ni bahati. Bahati inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Mchezo wa nyoka na ngazi hauwezi kujirudia mara mbili sawasawa, kwa kuwa dadu huleta namba lipendalo, na bado mchezaji haamui chochote. Anarusha, anahesabu, anapanda au anamezwa. Tetris yenyewe katika matoleo yake ya baadaye iliipunguza bahati kwa makusudi, kwani maumbo yote saba hutolewa kama yaliyo ndani ya mfuko mmoja, yakachanganywa, na hakuna linalorudi hadi mfuko uishe. Mchezaji akishajua kwamba ule mstari mrefu hautachelewa milele, anaweza kupanga, na kupanga ndiko kunakozaa uchezaji.

Sasa tupande ngazi moja na kuingiza maadui. Katika gemu nyingi za bei rahisi, maadui kumi wenye rangi kumi hufanya kitu kimoja: wanakuja moja kwa moja, wanapigwa, wanaanguka. Linganisha na Pac-Man ya mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco ya Japani. Duara la njano lenye mdomo linatembea kwenye vichochoro likila nukta, na mizimu minne inalisaka. Mizimu hiyo inafanana umbo na kutofautiana rangi, na mtu anayetazama kwa mbali atasema ni yaleyale ya kitenge. Sivyo. Ule mwekundu unaelekea pale pale ulipo wewe mchezaji. Ule wa waridi haukufuati nyuma; unalenga hatua nne mbele ya unakotazama, kwa hiyo unatokea kichochoro cha mbele kana kwamba ulijua unakokwenda. Ule wa buluu hupiga hesabu yake kwa kuangalia ulipo wewe na ulipo mwenzake mwekundu kwa pamoja, ndiyo maana huwa vigumu kuutabiri. Ule wa rangi ya chungwa unakusogelea kwa ari, na ukishakaribia ndani ya hatua nane unageuka na kuelekea kwenye kona yake.

Tazama ustadi uliomo. Ingekuwa yote minne inafuata kanuni ya ule mwekundu, ingejipanga mstari mmoja nyuma yako, nawe ungezunguka tu uwanja mzima ukiivuta kama mkia. Kwa tofauti ndogo za tabia, vichochoro vilevile vinageuka mtego ambao kila mara unafungwa kwa upande mwingine. Mtoto anayecheza bila kuambiwa siri hii huigundua mwilini kabla ya kuigundua kichwani: anaanza kuuogopa ule wa waridi kwenye kona na kuuogopa ule mwekundu kwenye njia ndefu.

Hata hivyo, Pac-Man inatufundisha pia jinsi utofauti unavyokufa. Mizimu ile haikuwa na bahati nasibu ya kutosha ndani yake. Mchezaji akipita njia ileile kwa wakati uleule, nayo hufanya yaleyale. Wachezaji hodari wakakariri njia nzima, kona kwa kona, na kuanzia hapo walikuwa wakitekeleza mpango walioukariri nyumbani. Ms. Pac-Man ilipokuja mwaka 1982, iliongeza vichochoro vya aina nyingine na kuingiza kutotabirika katika mwendo wa mizimu, ili kukariri kusitoshe. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu linaeleza kwa nini watu wawili wanaweza kubishana kuhusu gemu moja na wote wakawa wakweli. Kwa mgeni, gemu ina maswali mengi. Kwa aliyekwisha kujua majibu yote, ni ileile.

Kuna upande wa pili ambao wazazi, nikiwemo mimi, huwa hatuutazami. Kurudia si kasoro daima. Chukua Super Mario Bros. ya Nintendo, ya mwaka 1985. Gemu nzima ilitoshea katika kilobaiti 40, kiasi ambacho picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo hukizidi mara nyingi, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kubana kila kitu. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Watu wengi waliicheza gemu hiyo utoto mzima bila kulitambua hilo, kwa sababu hakuna uamuzi unaotegemea wingu wala kichaka. Huo ni urudufu uliowekwa mahali pasipoumiza.

Lakini kuna kurudia kulikowekwa kwa makusudi ndani ya uchezaji wenyewe. Katika hatua ya kwanza kabisa ya gemu hiyo, mchezaji anakutana na ngazi mbili za matofali zinazotazamana, katikati yake pana ardhi. Akikosea kuruka, anaangukia chini salama na kujaribu tena. Anatembea kidogo, anakutana na ngazi nyingine mbili zinazotazamana vilevile, ila safari hii katikati pana shimo. Ruka ni ileile, kidole ni kilekile, na sasa kukosea kunaua. Mbunifu amerudia umbo ili mchezaji aone kwa uwazi kile kimoja kilichobadilika. Kama ngazi za pili zingekuja na rangi nyingine, adui mpya, na kitufe kipya kwa wakati mmoja, mtoto asingejua kilichomuua ni nini. Mwalimu wa darasa la kwanza anayefundisha ba, be, bi anafanya kazi hiyohiyo.

Ndiyo maana lalamiko la mzazi, kwamba mtoto anarudia kitu kilekile, linahitaji kuangaliwa kwa karibu kabla ya kukubaliwa. Mzazi akikaa pembeni ya mtoto dakika kumi, ataona kama mtoto anajaribu njia mpya kila anaposhindwa, au kama kidole kinabonyeza tu huku macho yamelala. Kwa nje yote mawili yanaonekana kama kurudia. (Suala la saa ngapi zinatosha kwa siku ni jingine, nalo mzazi ana haki ya kuliamua bila kusubiri makala.)

Turudi kwenye mabishano ya gemu ya mpira. FIFA ya kwanza ilitoka mwaka 1993, ikawa inatoka kila mwaka, na tangu mwaka 2023 imebadili jina na kuitwa EA Sports FC. Mchezo mshindani wake, ambao vijana wengi hapa bado wanauita PES, uligeuzwa kuwa eFootball mwaka 2021. Wanaolalamika kwamba kila mwaka wanauziwa kitu kilekile wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa orodha mpya ya wachezaji na jezi mpya ni sura, na sura haibadilishi uamuzi. Lakini wanasahau kwamba mpira wenyewe haubadiliki. Hakuna anayetoka uwanjani Lake Tanganyika akilalamika kwamba leo tena walikuwa 11 kwa 11. Kinachofanya mechi isifanane na nyingine ni mpinzani, na kwenye banda la gemu mpinzani ni yule jirani anayejua kwamba unapenda kupiga krosi, naye amekuja amejipanga. Gemu za kushindana na mtu hupata utofauti wake kutoka kwa mtu. Swali la haki la kuiuliza kampuni ni kama mabadiliko ya mwaka huu, kwa mfano jinsi mabeki wanavyojipanga au jinsi mpira unavyodunda, yanamfanya mchezaji abadili namna ya kushambulia. Mwaka mwingine jibu ni ndiyo, mwaka mwingine halipo.

Gemu za kunusurika, ambazo anayebaki hai mwisho ndiye mshindi, zinazochezwa sana kwenye simu zina mantiki inayokaribiana na hiyo. PUBG ya mwaka 2017 iliwaweka hadi watu 100 kwenye kisiwa kimoja. Free Fire ya mwaka huohuo ikawaweka 50, ikalenga simu za kawaida. Ramani mchezaji anaijua kama anavyoijua njia ya kwenda sokoni. Ila eneo salama linazidi kujifunga, na haijulikani mapema litafungia wapi, wala bunduki gani itaokotwa kwenye nyumba gani. Nikiwatazama vijana wakicheza huwakumbuka wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Mtumbwi ni uleule, wavu uleule, taa zilezile. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauvuti dagaa, upepo ukigeuka pa kutega panabadilika, na mvuvi analazimika kuamua upya kila jioni kwa vifaa vilevile.

Kampuni nyingi ziliiga kanuni hiyo ya eneo linalojifunga, na hapo ndipo kauli ya "gemu zote ni moja" inapopata nguvu. Haikuanza leo. Baada ya Doom kutoka mwaka 1993, gemu zilizoiga mtindo wake wa kupiga risasi kwa macho ya mhusika mwenyewe zilikuwa nyingi kiasi kwamba kwa muda ziliitwa kwa jina lake. Sababu haifichiki. Gemu kubwa inahitaji mamia ya watu na miaka kadhaa ya kazi, na anayelipa gharama hiyo anaogopa kubahatisha, kwa hiyo anafuata kilichokwisha kuuzwa. Mama ntilie wa karibu na stesheni naye hathubutu kuondoa mgebuka wa mawese kwenye sufuria ya mchana. Woga huo ninauelewa, ingawa nasikitika kila ninapoona kikundi chenye vipaji kikitumia miaka yake kutengeneza gemu ambayo tayari ipo.

Njia moja ambayo kampuni hutumia kukwepa lawama hiyo ni kuongeza ukubwa, na hapa wanunuzi wengi hudanganyika. No Man's Sky, iliyotengenezwa na Hello Games ya Uingereza, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na sayari ambazo idadi yake ni 18 ikifuatiwa na sifuri 18. Sayari hizo hazikuchorwa na mkono wa mtu. Kompyuta inazitunga kwa kufuata hesabu, ikichanganya rangi za anga, milima na viumbe. Wachezaji wengi walichoka mapema wakasema sayari zinafanana, ingawa hakuna mbili zilizokuwa sawa. Kila waliposhuka walifanya yaleyale: kuchimba, kujaza mafuta, kuondoka. Watengenezaji walikubali kazi, wakaongeza ujenzi wa makazi, kisha mwaka 2018 uwezo wa kucheza pamoja na wengine, na watu wakarudi. Hawakurudishwa na sayari zaidi. Walirudishwa na mambo mapya ya kuamua.

Mbinu nyingine duni ni kumwongezea adui damu. Adui aliyekuwa akianguka kwa mapigo matatu sasa anaanguka kwa mapigo 30, na boksi linasema gemu ina viwango vitano vya ugumu. Mchezaji anapiga pigo lilelile mara kumi zaidi. Huo ni ugumu wa kuchosha, haukuongeza swali hata moja.

Mfano ninaoupenda zaidi wa njia iliyo bora ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya Nintendo, mwaka 2017. Ndani yake moto unaunguza majani, na moto huo huinua hewa ambayo mchezaji anaweza kuipanda kwa kitambaa chake cha kuelea. Ngao ya mbao inaungua. Upanga wa chuma wakati wa radi unavuta radi. Hakuna kanuni hapo ambayo mtoto wa kijijini haielewi bila kuelezwa, na hakuna hata moja iliyo ngumu. Utofauti unatoka kwenye kukutana kwa kanuni hizo: mchezaji aliyezingirwa kwenye nyasi kavu mvua ikiwa inakaribia ana mambo matano ya kufikiria kwa mpigo, na mbunifu hakuandika hata moja kati ya hayo kama tukio maalumu. Ni bao lilelile la Ujiji, kete moja ikisogea mashimo yote yanabadilika hesabu.

Kile kidude cha gemu 400 bado kipo nyumbani, ingawa kitufe kimoja kimeanza kugoma. Juzi nililifungua tena lile daftari la hesabu. Mpwa wangu alikuwa ameongeza safu ya tatu bila kuniambia, pembeni ya namba na jina, na juu yake ameandika "Naamua nini?" Kwenye gemu ya matofali yanayoanguka alikuwa amejaza hadi pembezoni mwa ukurasa, mistari minne ya mwandiko uliobanana. Kwenye gemu za magari, ukurasa mzima kutoka juu hadi chini, aliandika "kukwepa" mara moja tu, kisha akavuta mshale mrefu hadi mwisho wa karatasi.